Mazoea Yanayokula Kipato cha Msimu, na Namna ya Kuyaacha

Katika kisiwa cha Lamu, kuanzia mjini na Shela hadi Matondoni na Kipungani, si wengi wanaopokea mshahara usiobadilika kila mwisho wa mwezi. Mvuvi hupata wakati wa upepo wa kaskazi, bahari inapotulia kuanzia Novemba hadi Machi, kisha upepo wa kusi ukishika hukaa siku nyingi akitazama mawimbi. Mwenye mashua ya kutembeza wageni hutegemea Julai, Agosti na mwisho wa mwaka, naye mpishi wa nyumba ya wageni anajua kwamba ikifika Mei baadhi ya nyumba hufungwa kabisa. Mshonaji wa kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono, huweza kuketi na kofia moja kwa miezi kabla ya kuiona bei yake. Ushauri mwingi wa fedha umeandikwa kwa ajili ya mtu wa mshahara, na ndiyo sababu msomaji wa huku huusoma, akaukubali, kisha akashindwa kuutumia. Maelezo haya yamekusudiwa yeye.

Mazoea yanayomrudisha mtu nyuma kila mwaka, kama kukopa ili kulipa mkopo, kutumia chote msimu wa neema, au kutoa ahadi ya mchango asioumudu, mara nyingi huhesabiwa kuwa ujinga au tamaa. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya haraka. Mengi kati ya mazoea hayo ni maamuzi yanayofanywa saa mbaya: fedha zimekwisha, mtu amechoka, au yuko mbele ya watu asiotaka kuwavunja uso. Anayejilaumu usiku na kuapa kwamba kesho atakuwa mtu mwingine huamka akiwa mtu yule yule, katika mtaa ule ule na kwa simu ile ile. Kinachofaa ni kuutanguliza uamuzi, ufanywe wakati fedha zingali mkononi na moyo umetulia, na kuzibadilishia fedha njia ili zoea la zamani lisizikute mahali pake.

Ushahidi wa jambo hili umepatikana humu humu Kenya. Wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya utafiti miongoni mwa wakulima wa Busia, ambao walikuwa wakisema wazi kwamba wangependa kununua mbolea, lakini msimu wa kupanda ulipofika wengi wao hawakuwa na fedha tena. Walipotembelewa mara tu baada ya mavuno na kuuziwa mbolea papo hapo, kwa kichocheo kidogo tu cha kupelekewa bila nauli, walionunua waliongezeka. Nafuu hiyo hiyo ilipotolewa baadaye, wakati wa kupanda, haikuleta athari kama ile ya mwanzo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Wakulima walikuwa wale wale na mbolea ile ile, na kilichobadilika ni siku ya kuamua. Mvuvi wa Lamu anayo mavuno yake pia, na siku yake ya kuamua ni ile samaki wanapouzwa.

Anza kwa kuandika unachodaiwa

Zoea la kwanza kuliacha ni lile la kutotazama. Mwenye madeni mengi huacha kuangalia salio, hufuta ujumbe wa mkopeshaji kabla ya kuusoma, na hubadilisha njia ili asipite mbele ya duka analodaiwa, ingawa katika vichochoro vya Mkomani na Langoni mjini Lamu, ambamo mtu na punda hupishana kwa kubanana, mbinu hiyo haifiki mbali. Kutotazama hutuliza moyo kwa usiku mmoja, na gharama yake hulipwa kwa muda mrefu, kwa sababu deni lisilotazamwa haliwezi kupangiwa.

Chagua usiku mmoja baada ya sala ya Isha, uchukue daftari la kawaida, na uandike kila deni: jina la mdai, kiasi, tarehe uliyoahidi, na kama deni hilo limesimama au linaongezeka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Deni la shemeji au la mwenye duka kwa kawaida limesimama. Likikaa mwezi litabaki vile vile, japo uso wa mdai hautabaki vile vile. Deni la simu huongezeka ukiwa umelala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Mwislamu ana agizo zito zaidi ya methali: aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe. Ni jambo la kushangaza kwamba katika mji unaosifika kwa wanavyuoni wake, madeni mengi bado huhifadhiwa vichwani.

Omba pia taarifa ya miamala yako ya M-Pesa ya miezi mitatu iliyopita, uisome mstari kwa mstari, na utie alama kwenye kila malipo ambayo huwezi kukumbuka yalikuwa ya nini. Usijisumbue na yale unayoyakumbuka, hata kama yanaonekana ya anasa. Chai ya asubuhi kwa mahamri na mbaazi haijamfilisi mtu, na wanaohubiri kwamba utajiri umejificha katika kikombe cha chai wanampotezea msomaji wakati. Kinachostahili kufuatiliwa ni fedha zilizotoka bila wewe mwenyewe kujua kwamba umeamua zitoke.

Baada ya hapo, waendee wadai kabla hawajakujia. Neno la kusema si refu: “Ami, deni lako la elfu sita sijalisahau. Kwa sasa naweza kuleta elfu moja kila Ijumaa mpaka liishe, na Ijumaa nitakayoshindwa nitakuja kukuambia mwenyewe.” Taja kiasi unachokiweza kweli, hata kikiwa kidogo cha kuchekesha, kwa kuwa mdai anayepokea kidogo kila wiki humwamini mtu kuliko yule aliyeahidiwa chote mwezi ujao kwa mara ya nne.

Kusi nayo ipewe fungu

Kila baharia anaujua mgawo. Samaki wakishauzwa, chombo huchukua fungu lake, nyavu huchukua lao, kisha mabaharia hugawana kilichosalia, na hakuna nahodha anayesubiri hadi mwisho wa wiki aone kama kuna kilichobaki cha kukipa chombo. Akiba ya watu wengi hushindwa kwa sababu imewekwa mahali pa mabaki. Namna ya kuirekebisha ni kuihesabu kusi kuwa baharia mmoja mwenye fungu lake, linalotolewa pale pale samaki wanapouzwa, kabla fedha hazijafika nyumbani.

Fungu hilo liwe la kiasi gani? Chukua mfano wa mtu anayepata shilingi 45,000 kwa mwezi katika miezi mitano ya neema, na shilingi 12,000 katika miezi saba iliyobaki. Kwa mwaka mzima amepata 309,000, yaani wastani wa chini kidogo ya 26,000 kwa mwezi. Huo ndio mshahara wake halisi, hata kama Januari mfuko unamwambia vingine. Akiishi kwa 25,000 wakati wa kaskazi na kuweka 20,000 kila mwezi, ataingia kusi akiwa na 100,000, ambazo zikigawanywa kwa miezi saba zinampa zaidi ya 14,000 za kuongezea zile 12,000 anazopata. Maisha yake hayatapanda wala kushuka sana. Wewe weka tarakimu zako, na ukiwa na shaka kuhusu mapato ya kusi, yapunguze kwenye hesabu badala ya kuyakuza.

Hesabu hii huonyesha pia kwa nini Januari ni mwezi wa hatari. Fedha zipo, wageni wapo, kamba mawe wanauzwa vizuri, na shule zinafunguliwa kwa muhula wa kwanza ambao karo yake kwa kawaida ndiyo kubwa. Mzazi hulipa bila taabu na kujiona amemaliza, kisha muhula wa pili huanza Aprili inapoishia au Mei inapoanza, mvua za masika zikinyesha na mashua zimefungwa. Karo ya muhula huo ilipwe au itengwe mwezi Februari. Ramadhani nayo hutangulia kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo haina haki ya kumshtua mtu. Gharama za futari na nguo za Idi zinajulikana miezi kabla, na familia inayoanza kununua mchele, sukari na unga kidogo kidogo kuanzia Rajabu haihitaji mkopo wa Shaabani.

Mahali pa kuliweka fungu la kusi panategemea udhaifu wako, na hapa kila mtu anapaswa kusema kweli na nafsi yake. Kama hatari yako ni simu, usiliache kwenye simu. Kama hatari ni ndugu wanaojua kwamba unazo, liweke mahali ambapo unaweza kusema kwa ukweli kwamba halichukuliki leo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walijaribu njia kadhaa za akiba ya afya magharibi mwa Kenya, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013, kisanduku cha kawaida chenye kufuli, ambacho ufunguo wake mwenye akiba alibaki nao, kilisaidia watu kuweka fedha kwa ajili ya lengo walilolitaja, na vikundi vya kuzungushana fedha vilivyoanzisha mfuko wa pembeni kwa ajili ya afya vilifanya vizuri zaidi. Wanawake wa Lamu wanaocheza mchezo, yaani huko kuzungushana fedha, wanaweza kuitumia hekima hiyo bila mtaalamu yeyote: mbali na mchango wa kawaida unaozunguka, kila mmoja aongeze kiasi kidogo cha karo au cha kusi, kiandikwe mbali, na kisiguswe mpaka mwezi uliokubaliwa. Aibu ya kuwa wa pekee asiyeleta ina nguvu kuliko nia njema ya mtu mmoja.

Huduma ya M-Shwari, ya akiba na mikopo kwa simu, ina akaunti ya kufungia fedha kwa muda, na wapo inaowafaa. Anayejiepusha na riba atapata akaunti katika benki zinazofuata sharia, ambazo zilianza kuhudumu Kenya mwaka 2008. Benki iliyo mbali kidogo si hasara kwa mtu wa aina hii. Safari ya kwenda kutoa fedha humpa nafasi ya kujiuliza kama anazihitaji.

Wapo wavuvi ambao badala ya kuweka fungu la kusi hulikopa kwa tajiri anayenunua samaki: mafuta, nyavu na chakula huchukuliwa mapema, na deni hulipwa kwa samaki bahari ikitulia. Hakuna ubaya wa lazima katika mpango huo, lakini gharama yake hujificha ndani ya bei. Muulize mvuvi asiyedaiwa analipwa kiasi gani kwa kilo, ulinganishe na unacholipwa wewe, kisha uzidishe tofauti hiyo kwa kilo ulizoleta msimu mzima. Tarakimu utakayoipata ndiyo bei ya kutoweka akiba, na kwa wengine itatosha kununua nyavu mpya.

Mkopo ulio kiganjani

Kukopa kwa simu kumekuwa zoea kwa sababu hakuna mtu wa kutazamana naye. Fuliza, huduma ya mkopo ndani ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2019, humwezesha mtu kulipa hata salio likiwa limekwisha, naye hutozwa ada ya asilimia 1 pamoja na ada ya kila siku kadiri ya kiasi anachodaiwa. Kibaya zaidi kwa mwenye kipato kidogo ni mpangilio wa malipo: fedha yoyote inayoingia M-Pesa hulipa deni hilo kwanza. Mtu aliyetumiwa shilingi 2,000 za chakula huona 1,400 zikikatwa, chakula hakijanunuliwa, na jioni anakopa tena zile zile. Kwa mkopo wa M-Shwari, ada ya asilimia 7.5 iliyokuwapo tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2012 husikika ndogo mpaka ikumbukwe kwamba ni ya siku 30. Anayekopa 5,000 na kukopa upya kila mwezi hulipa 375 mara kumi na mbili, yaani 4,500 kwa mwaka mbali na ushuru, na bado anadaiwa zile 5,000.

Kujitoa hapa kunahitaji hatua mbili zifuatane. Ya kwanza ni kulipa deni lote siku ya mapato makubwa, hata kama itabidi kuahirisha jambo jingine, na hapo hapo kujiondoa kwenye huduma au kuomba kikomo kipunguzwe. Usisubiri kesho yake. Kikomo kinachobaki wazi huhesabiwa na moyo kama fedha zako. Ya pili ni kuwa na akiba ndogo ya dharura, tuseme shilingi 3,000 za kuanzia, kwa ajili ya yale mambo madogo yaliyokuwa yakikupeleka kukopa, kama vile dawa ya mtoto, gesi iliyoisha au nauli ya boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara. Hatua ya kwanza bila ya pili hudumu wiki mbili.

Kwa madeni ya programu nyingine za simu, lipa lile linaloongezeka kwa kasi zaidi, na usikubali kutishwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu walio katika orodha ya simu yako ili kukuaibisha, na mkopeshaji asiye na leseni hastahili kupewa namba zako hata kidogo.

Harusi, michango na ndugu

Hapa ndipo penye uzito kuliko mahali pengine, na vitabu vya fedha hupapita haraka kwa sababu waandishi wake wengi hawaishi mahali ambapo ukoo mzima hukaa katika mtaa mmoja. Kukopa harusi, kulipa matanga: methali hii kila mtu anaijua, na kila msimu wa harusi inapuuzwa upya. Shughuli ya siku tatu huacha deni la miaka mitatu, na maharusi huanza maisha wakiwalipa wenye viti, wapishi na wauza dhahabu.

Zoea la kuvunja si ukarimu. Ni desturi ya kupanga shughuli kwa kuanza na orodha ya watu na vyakula, kisha kutafuta fedha za kuifuata. Geuza mpango. Wazazi wa pande zote mbili wakutane kabla tarehe haijatangazwa, kila upande utaje fedha zilizopo tayari, ukiacha ahadi kando, na shughuli ikatwe kwa kipimo hicho. Ahadi zikitimia baadaye, kitaongezwa kitu. Mkutano huu ufanyike bila wageni, maana mbele ya watu hakuna mzazi atakayekubali kutaja kiasi kidogo. Itasaidia sana ikiwa mzee anayeheshimiwa, au mwalimu wa chuo cha Qur'ani, ndiye atakayetamka kiasi cha mwisho, ili lawama ya kupunguza isimwangukie mtu mmoja.

Kuhusu ndugu wanaoomba msaada, ushauri wa kukataa tu haufai huku, na sidhani kama ni mzuri popote. Msaada wa leo ni bima ya kesho. Kinachomwangusha mtu ni kutoa bila mpaka, kisha kukopa ili kuziba alichotoa. Tenga fungu la msaada kila mwezi, kubwa kadiri ya moyo wako, na likiisha liwe limeisha. Jibu basi huwa rahisi na la kweli: “Shangazi, fungu la mwezi huu limeshakwenda. Mwezi ukiandama nitakuanzia wewe.” Kisha umuanzie kweli. Na unapotoa, amua moyoni tangu mwanzo kama ni mkopo au ni sadaka. Kikiwa mkopo kiandikwe, kikiwa sadaka usikihesabu tena.

Mume na mke pia wana zoea lao la kufichana. Sharia inamwachia mke mali yake na kumbebesha mume matumizi ya nyumba, na sioni haja ya kulivuruga hilo. Lakini kila mmoja anapaswa kujua madeni ya mwenzake na tarehe zake, kwa kuwa anayekuja kudai hubisha hodi kwenye mlango mmoja.

Fedha za mara moja

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru zaidi ya wavuvi 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari mpya, na suala hilo likaendelea kwa rufaa na mazungumzo. Fidia, mirathi na bei ya kiwanja ni fedha ambazo mtu huzipokea mara moja au mbili katika maisha yake, kwa hiyo hana mazoea nazo, mazuri wala mabaya. Kanuni mbili zinatosha. Fedha ambayo haijaingia isikopewe hata shilingi moja. Ikishaingia, lipa madeni yanayoongezeka, kisha iache kwa siku thelathini bila kununua chochote cha zaidi ya matumizi ya kawaida. Pikipiki iliyokuwa ya lazima siku ya kwanza, baada ya mwezi mara nyingi huwa ni wazo tu.

Kamari ya simu na muguka, yale majani ya kutafuna, nitavitaja kwa ufupi, kwa kuwa vinahitaji msaada zaidi ya daftari. Dalili ya kamari iliyogeuka ugonjwa ni kucheza ili kurudisha ulichopoteza. Ukifika hapo, mkabidhi mtu unayemwamini fedha za nyumbani na uzungumze na mhudumu wa afya au na imamu wako. Kwa muguka, gharama kubwa zaidi mara nyingi ni saa za barazani na usingizi wa asubuhi ya kwenda baharini.

Mwezi utakaoteleza, na utateleza, usianze mpango mpya. Endelea na ule ule kuanzia mauzo yanayofuata, na usijaribu kufidia kwa kuweka mara mbili, maana hapo ndipo wengi huacha kabisa. Kisha mwezi wa Septemba, kabla upepo haujageuka, fungua daftari uangalie fungu la kusi liliisha lini. Likiwa liliisha Julai, ongeza kiasi unachotoa kwa kila mauzo ya kaskazi ijayo; likiwa bado lina salio, lisitafutiwe matumizi, lipelekwe moja kwa moja kwenye karo ya Januari.